Viti Vikitoka, Mzigo Ukae Wapi?
Namna ya kubadilisha gari ya kikundi iwe ya mizigo, na kuirudisha iwe ya watu



Wale mnaokaa kando ya barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale mmewaona wageni wanaosafiri kwa gari kutoka mbali, wengine kutoka Ulaya, wakielekea Cape Town. Gari yao ni Land Cruiser au Land Rover, aina ile ile tunayoijua hapa kwetu. Lakini ukichungulia nyuma hukuti viti. Utaona sakafu ya mbao, masanduku, mitungi ya maji, jiko na godoro, na kila kitu kimefungwa mahali pake. Gari inaruka mawe na mashimo na hakuna kinachosogea. Na wengi wao wametengeneza kwa namna ambayo safari ikiisha, ile sakafu hutolewa na viti vinarudishwa.

Sasa vikundi vyetu vingi vina gari, au vinatumia gari ya parokia. Siku moja ni kupeleka asali sokoni, siku ya pili ni dawa za kliniki ya kutembea, siku ya tatu ni wajumbe wa mkutano. Viti vya nyuma vinazuia mzigo, na swali linakuja: “Kwa nini na sisi tusivitoe?”

Jibu ni kwamba inawezekana, na kazi yenyewe si ya kutisha. Lakini kuna njia nzuri na njia mbaya, na tofauti ya hizo mbili ni maisha ya mtu. Tuangalie pole pole.

KITI KINAFANYA KAZI GANI?

Mtu atasema kiti ni cha kukalia, si ndiyo? Hiyo ni nusu ya jibu. Kiti na mkanda wake pia ni vya kumshika mtu wakati gari inaposimama ghafla. Ndiyo maana kiwandani hakiwekwi juu ya bati tu. Pale bolti zinapoingia, chini yake kuna chuma cha ziada. Matundu hayo, pamoja na yale ya mikanda, ni kati ya sehemu zilizo imara zaidi kwenye sakafu ya gari.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Gari inakwenda kilomita 50 kwa saa, inagonga mti na kusimama ndani ya nusu mita. Kila kitu kilichomo ndani kinaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule mpaka kizuiliwe. Jerikeni ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Katika ajali hiyo itasukuma mbele kwa nguvu mara 20 ya uzito wake, yaani kama kilo 400. Ikiwa haikufungwa, kilo hizo zinakwenda kwenye mgongo wa dereva.

Kwa njia nyingine, kugonga kwa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, karibu ghorofa tatu. Hakuna mtu atakayekubali kuangukiwa na gunia la mahindi kutoka ghorofa ya tatu. Lakini kila siku tunakubali kukaa mbele ya gunia ambalo halijafungwa.

Basi jambo kubwa la makala hii ni hili: mkitoa kiti, mzigo unaochukua nafasi yake lazima ushikwe kwenye matundu yale yale yaliyoshika kiti. Na pale ambapo hakuna kiti wala mkanda, hakuna mtu anayekaa.

KWANZA MKUTANO, HALAFU SPANA

Msianze na fundi. Anzeni na mkutano wa wanachama wote, wala si kamati peke yake. Chukueni daftari muandike safari zote za mwezi mmoja: ngapi zilikuwa za watu, ngapi za mzigo, na ngapi za vyote viwili. Mara nyingi hapo ndipo ukweli unaonekana. Kikundi kinaweza kudhani gari yake ni ya mzigo, kumbe nusu ya safari ni kupeleka wagonjwa na akina mama wajawazito hospitalini.

Hilo la wagonjwa lisipuuzwe. Kiti kilichotolewa ni mtu atakayebaki kando ya njia. Usiku wa manane mama akishikwa na uchungu, hakuna atakayetafuta bolti kwa tochi. Kwa hiyo kama gari ina safu mbili za viti nyuma ya dereva, toeni ile ya mwisho tu na muache ya katikati na mikanda yake. Kama ni ile ya viti virefu vya pembeni vinavyotazamana, amueni ni siku zipi gari itakuwa ya mzigo, na siku hizo mjue mapema ni gari gani nyingine ya kuitwa kukiwa na mgonjwa.

Kisha angalieni karatasi. Cheti cha gari, ile tunayoita logibuku, kinaonyesha aina ya bodi na idadi ya abiria. Kutoa viti kwa safari moja na kuvirudisha ni jambo moja, na kubadilisha gari moja kwa moja ni jambo lingine. Mkitaka kubadilisha kabisa, ulizeni kwanza ofisi ya NTSA, mamlaka ya usafiri iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ili gari ikaguliwe na kumbukumbu zirekebishwe. Mwende pia kwa watu wa bima, na majibu yao muyapate kwa maandishi. Bima ya gari ya binafsi isije ikakataa kulipa kwa sababu mlikuwa mnabeba mizigo ya kulipiwa. Ahadi ya mdomo haitawasaidia siku ya ajali.

HESABU YA UZITO

Watu wengi hufikiri kwamba nafasi ikipatikana, mzigo unaweza kuongezwa. Hapana. Springi, breki na magurudumu hazijui kwamba viti vimetoka. Kila gari ina uzito wa mwisho unaoruhusiwa, mara nyingi umeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye bodi au mlangoni, na pia katika kitabu cha maelekezo.

Tuchukue mfano. Tuseme kibati kinaruhusu kilo 3,000, na gari tupu yenye mafuta ni kilo 2,200. Zinabaki kilo 800. Toa dereva na watu wawili mbele, kilo 70 kila mmoja: 210. Toa fremu na mbao mliyoweka: 60. Mnabaki na kilo 530. Gunia la mahindi ni kilo 90. Kwa hiyo ni gunia 5, la sita halipandi hata kama kuna nafasi. Someni kibati cha gari yenu na mfanye hesabu yenu, msichukue hii ya mfano. Mkipata mizani ya magari karibu, pimeni gari ikiwa tupu.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Mtahitaji fundi wa kuchomelea wa jua kali anayeaminika, lakini mwanachama mmoja au wawili wakae naye mwanzo hadi mwisho, wajue kila bolti.

1. Tenganisheni betri. Magari ya miaka ya karibuni huwa na waya chini ya viti, na mengine yana mifuko ya hewa ya usalama. Ukikuta waya za rangi ya manjano usizikate wala kuziunga. Gari ya namna hiyo ipelekwe kwa fundi anayeijua.

2. Fungueni bolti za viti. Bolti zilizoshika kutu zipakwe mafuta na kuachwa usiku mzima, zisilazimishwe. Kila bolti iwekwe ndani ya mkebe, na juu ya mkebe muandike ilitoka wapi. Zingatieni hili: katika magari mengi bolti za mikanda ni za uzi wa inchi 7/16 na si za milimita. Ukilazimisha bolti ya milimita kwenye tundu hilo, uzi unaharibika na mkanda hautashika tena kama zamani.

3. Pimeni matundu. Chukueni katoni kubwa, itandazeni sakafuni, mtoboe pale penye matundu. Hiyo ndiyo ramani ya fundi.

4. Tengenezeni fremu nje ya gari. Fremu ni ya chuma cha bomba la pembe nne au chuma cha pembe, yenye miguu inayokaa sawasawa juu ya matundu ya viti. Kuchomelea kufanywe chini ya mti, si ndani ya gari. Magari mengi ya aina hii yana tanki la mafuta chini ya sakafu ya nyuma, pamoja na mabomba ya breki na nyaya. Cheche moja inatosha.

5. Tumieni bolti zenye nguvu inayojulikana. Tazameni kichwa cha bolti. Ikiwa na namba 8.8, ile ya milimita 8 huvunjika ikivutwa kwa takriban tani 3, na ile ya milimita 10 kwa takriban tani 4 na nusu. Isiyo na namba yoyote usiiamini, hata kama inang'aa. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani ili zisilegee kwa mtikisiko.

6. Ikibidi kutoboa tundu jipya, laleni kwanza chini ya gari mwone kilicho upande wa pili. Na chini ya sakafu wekeni bapa la chuma la unene wa milimita 3, upana kama sentimita 6 kwa 7. Bati la sakafu ni jembamba. Bila bapa, bolti haivunjiki, bali inachomoka na kipande cha bati. Kisha pakeni rangi penye tundu, maana maji yakiingia kutu itakula sakafu yote.

7. Juu ya fremu wekeni ubao wa plaiwudi wa milimita 18. Kata pembe ziwe mviringo, pakeni vanishi pande zote hata chini.

8. Pete za kufungia mzigo zichomelewe kwenye fremu, zisipigiliwe kwenye ubao. Ubao kazi yake ni kubeba, na chuma kazi yake ni kushika. Pete sita au nane zinatosha, na ziwe pembezoni ambako mkono unafika.

9. Nyuma ya dereva wekeni kizuizi cha wavu wa chuma ulioshikwa kwa bolti juu na chini. Hii isiachwe kwa sababu ya kukosa pesa. Afadhali mngoje mchango wa mwezi ujao.

Fremu ikikamilika, jaribuni kuitoa na kurudisha viti mara tatu, kila mara wanachama tofauti wakifanya. Ikichukua siku nzima, haitatolewa kamwe, na gari itabaki ya mzigo tu. Lengo ni watu wawili, spana mbili, muda usiozidi saa moja.

KUFUNGA MZIGO

Fremu nzuri na mzigo uliowekwa ovyo ni kazi bure. Vitu vizito kama maji, nafaka na betri vikae chini kabisa, vikigusana na kizuizi cha mbele. Vyepesi vije juu. Vizito visipelekwe kwenye kerea, kwa sababu gari ndefu yenye uzito juu hupinduka kwa urahisi kwenye kona na kwenye mteremko wa laga.

Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka mzigo ushikwe kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake kwa upande wa mbele, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Hiyo ni kwa breki kali na kona tu, hata kabla ya ajali. Mzigo wa kilo 500 basi utasukuma mbele kama kilo 400 kila dereva anapokwepa mbuzi.

Mikanda ya kukaza yenye meno ni bora kuliko kamba, kwa sababu kamba ya nailoni hurefuka na ya katani hukaza ikilowa, kisha hulegea ikikauka. Pitisheni mikanda miwili juu ya mzigo na mmoja mbele yake. Kagueni baada ya kilomita 10 za kwanza, kwa sababu magunia hukaa na mikanda hulegea. Na kwenye barabara yenye mawimbi kama mabati, shikeni kila bolti ya fremu kwa spana mkifika.

Tuseme ukweli pia. Gunia tano, yaani kilo 450, katika ile ajali ya kilomita 50 zingesukuma kama tani 9. Hakuna fundi wa kijijini anayeweza kuahidi kuzuia tani 9. Kwa hiyo dawa ya kwanza imo kwenye mguu wa dereva. Mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu ya kugonga inapungua hadi robo. Kwa kilomita 25 zile tani 9 zinakuwa tani mbili na robo, na hapo fremu iliyoshikwa vizuri ina nafasi ya kuokoa mtu.

WATU JUU YA MZIGO

Hapa ndipo kuna maneno. Ubao ukishawekwa, ni mahali pazuri pa kukaa. Ni tambarare, pana kivuli, na gari inakwenda sokoni hata hivyo. Mzee anasimamisha gari, ana mguu mbovu. Watoto wa shule wanapunga mkono. Dereva atakataaje? Akikataa ataambiwa ana roho mbaya, na kwamba gari ni ya Kanisa.

Dereva asiachwe peke yake na uamuzi huu. Kikundi kizima kiamue, kiandike, na maneno yabandikwe ndani ya gari: “Viti vikiwa vimetoka, nyuma hakuna abiria.” Hapo dereva atasema, “Si mimi, ni mapatano yetu.” Huruma ya kweli ni kumfikisha mtu salama. Kama watu wa kubebwa ni wengi kila siku ya soko, hiyo ni dalili kwamba hesabu ya safari mliyofanya mwanzo haikuwa sawa, na viti virudi.

Na mgonjwa je? Kumlaza kwenye godoro juu ya ubao si ambulensi. Kanuni za ambulensi za Ulaya zinataka machela ishikwe kiasi cha kuhimili nguvu mara 10 ya uzito wake na wa mgonjwa. Godoro halishikwi na chochote. Mgonjwa anayeweza kuketi aketi mbele, afungwe mkanda. Asiyeweza, itwe ambulensi, au viti virudishwe haraka na msaidizi akae naye.

DAFTARI LA GARI

Katibu afungue ukurasa maalumu katika daftari. Aandike: tarehe viti vilipotolewa, nani alitoa, bolti ngapi ziko mkebeni, fremu ilikaguliwa lini, gharama ilikuwa ngapi. Viti vyenyewe vihifadhiwe juu ya mbao, si sakafuni, vifunikwe turubai, mahali panya hawafiki. Kiti kilicholiwa na panya ni pesa za kikundi. Na siku mkiuza gari, mnunuzi atauliza viti viko wapi.

Mweka hazina naye atenge kiasi kidogo cha kila safari ya mzigo kwa ajili ya springi, matairi na breki. Gari ya mzigo huchoka upesi kuliko ya watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika safari zetu za mwezi uliopita, ngapi zilikuwa za watu na ngapi za mzigo? Nani ataumia viti vikitoka?
2. Kibati cha gari yetu kinaruhusu kilo ngapi? Tumewahi kuzidisha?
3. Mzigo wetu unafungwa kwenye nini? Twendeni sasa hivi nje tukaangalie.
4. Tutamwambia nini mzee mwenye mguu mbovu anaposimamisha gari isiyo na viti? Wawili waigize, mmoja awe dereva na mwingine mzee, halafu tuzungumze.
5. Mapatano yetu yataandikwa na nani, na yatabandikwa lini?

Ndugu wapendwa, gari ya kikundi imenunuliwa kwa jasho: mayai yaliyouzwa, vibarua, harambee. Itumikeni vizuri, ibebe asali na ibebe mama mjamzito, kila mmoja kwa siku yake na kila mmoja akiwa ameshikwa barabara. Mungu awabariki katika kazi zenu.